Jina lako katika kitabu cha mikopo: liangalie kabla ya kuomba tena



Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na banki zikafunga milango, swali moja linarudi mara kwa mara katika vikundi vya akina mama na kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada: "Ule mkopo niliokuwa nalipa, umeisha ao bado?" Katika Majengo, ambako familia nyingi zinaishi kwa biashara ndogo, swali hilo si la mtu mmoja. Kuna aliyebakiza miezi miwili tu ya kulipa. Kuna aliyekuwa na akiba katika banki ileile iliyomkopesha, na sasa hawezi kutoa akiba wala kulipa deni. Kuna pia aliyeweka sahihi kwa ajili ya jirani, na jirani huyo amekimbia mji.

Jibu ni fupi: bado. Banki inaweza kufunga mlango, lakini kitabu chake cha madeni kinabaki wazi. Siku mlango utakapofunguliwa, karani hataanza kwa kuuliza habari za vita. Atafungua faili na kusoma kilichoandikwa. Ndiyo maana tunaandika makala hii. Tunataka kila mmoja wetu ajue jina lake limeandikwa wapi, limeandikwa namna gani, na afanye nini kama limeandikwa vibaya.

Jina letu limeandikwa wapi?

Wengi wanafikiri kwamba historia ya mikopo ni jambo la Ulaya na Amerika. Ni kweli kwamba huku Majengo hakuna anayetembea na namba inayosema anaaminika kiasi gani. Hata hivyo majina yetu yameandikwa, na mara nyingi katika sehemu zaidi ya moja.

Kwanza, katika faili ya banki, ya COOPEC ao ya chama cha mikopo midogo. Humo kuna kiasi ulichopewa, tarehe, siku ulizolipa, siku ulizochelewa, dhamana uliyotoa na majina ya wadhamini wako. Taasisi hizi zinafanya kazi chini ya sheria. COOPEC zina sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002, na mikopo midogo ina sheria namba 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011. Zote ziko chini ya uangalizi wa Banki Kuu ya Congo.

Pili, katika Banki Kuu yenyewe. Iko huduma inayoitwa Centrale des Risques, ambako wakopeshaji wanapeleka habari za mikopo waliyotoa. Kazi yake ni kumsaidia mkopeshaji ajue kama mtu anayemwomba ana deni kwingine. Kwa hiyo mtu anayeacha deni katika taasisi moja na kwenda kuomba katika nyingine asifikiri kwamba hakuna anayeona.

Tatu, katika kitabu cha AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo ambavyo makanisa yetu mengi yanavijua vizuri. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, na leo imeenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kila mwanachama ananunua hisa moja hadi tano kwa kila mkutano, na mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba yake. Kila malipo yanafanyika mbele ya wote. Katika AVEC hakuna haja ya kuomba ripoti, maana inasomwa kwa sauti kila mkutano.

Nne, katika daftari la dukani na katika likilimba. Hakuna sheria ya leta inayosimamia daftari la muuza unga. Lakini kwa mtu asiye na mshahara wala hati ya kiwanja, hapo ndipo anapojulikana kwanza. Ajenti wa mikopo anapokuja kumchunguza mwombaji, anauliza majirani na wenye maduka wa avenyu yake.

Namna ya kuangalia

Usingoje mpaka siku unapohitaji mkopo mpya. Siku hiyo una haraka, na mwenye haraka hukubali lolote. Enda mapema na kadi yako ya uchaguzi, kitabu chako cha akiba na bordero ulizonazo, uombe karatasi inayoonyesha hali ya deni lako. Kama tawi lako halijafunguliwa, andika barua ao ujumbe kwa ofisi yake ya mji mwingine, kama Kinshasa, Beni ao Butembo, na utunze nakala yenye tarehe.

Kuomba hivyo si kumsumbua mtu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya nchi yetu, yaani Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinazotunzwa na wengine, na haki ya kuomba zirekebishwe kama si sahihi. Omba kwa heshima, lakini ujue kwamba unaomba kilicho chako.

Ukipewa karatasi hiyo, angalia mambo haya matano:

1. Majina yako yote. Mji wetu umejaa akina Kahindo, Kavira, Masika, Kambale na Paluku, majina ambayo familia za Wanande hutoa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Watu wawili wanaweza kufanana jina na jina la baba. Hakikisha jina, jina la pili, jina la ubatizo na tarehe ya kuzaliwa ni vyako.

2. Kiasi ulichopokea. Kilinganishe na feza iliyofika mkononi mwako, si na ile uliyoomba. Kama kuna gharama ya faili ao akiba ya lazima iliyokatwa kwanza, ionekane.

3. Malipo yote. Hesabu bordero zako moja moja na uone kama kila moja imeandikwa. Kosa la hatari zaidi ni lile la feza iliyotolewa mkononi kwa ajenti aliyepita nyumbani, bila karatasi.

4. Faini za kuchelewa. Ulizwa ulichelewa siku gani, na kwa nini.

5. Mikopo ambayo hukuchukua, na udhamini ambao hukutia sahihi.

Kama kuna kosa

Kosa lisilosemwa linakuwa kweli. Andika barua fupi, ukurasa mmoja unatosha. Sema kosa ni lipi, tarehe gani, na una uthibitisho gani. Ambatanisha nakala za bordero, kamwe usitoe bordero yenyewe. Tengeneza barua mbili, moja waipokee, na ya pili waitie muhuri na tarehe ubaki nayo. Kama kosa ni la malipo ya simu, andika namba ya muamala iliyo katika ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kampuni ya simu inaweza kuitafuta namba hiyo hata kama simu yako imeibwa.

Hapa tuseme neno juu ya karatasi. Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, Majengo ilikuwa kati ya mitaa kumi ya Goma iliyoamriwa kuhama. Watu waliondoka na watoto, godoro na sufuria, wengi wakielekea Sake na Rutshuru ao kuvuka mpaka. Katika safari kama ile, karatasi za mkopo ndizo za mwisho kukumbukwa. Weka bordero zako, mkataba na kitabu cha akiba katika mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na kadi ya uchaguzi. Kisha zipige picha na umtumie ndugu mmoja anayeishi mji mwingine. Andika pia namba za miamala katika daftari, kwa sababu simu ikipotea, ujumbe wote unapotea nayo.

Mkopo ulioachwa njiani na vita

Tunajua kwamba wengi hawakuacha kulipa kwa hiari. Ofisi ilifungwa, stoku iliporwa, njia ya kwenda shambani ikakatwa, na kutoa noti katika simu kukawa na gharama kubwa. Mtu wa hali hiyo si mdanganyifu. Lakini faili haiwezi kutofautisha aliyeshindwa na aliyekataa, mpaka wewe mwenyewe uilete tofauti hiyo kwa maandishi.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. La kwanza, mjulishe mkopeshaji mahali ulipo na namba yako mpya ya simu. Anayebadilisha namba bila kusema anaonekana kama aliyekimbia deni. La pili, omba kwa barua mpangilio mpya wa malipo, na uombe faini za siku ambazo mlango ulikuwa umefungwa ziondolewe. Wanaweza kukubali ao kukataa, lakini asiyeomba hapewi. La tatu, kama njia ya kulipa kwa simu iko wazi, lipa hata kidogo, baada ya kuhakikisha kwamba namba unayolipia ni ya taasisi yenyewe na si ya mtu binafsi. Dola tano zilizolipwa kila mwezi, zikiwa na namba ya muamala, zinasema habari zako kuliko maelezo marefu ya baadaye.

Na kama una akiba katika taasisi ileile, usijisemee moyoni kwamba "watakata wenyewe". Omba kwa maandishi kama akiba inaweza kulipa deni, na ungoje jibu la maandishi. Mpaka hapo, akiba ni hesabu moja na deni ni hesabu nyingine, na riba ya deni inaweza kuendelea kupanda.

Ukiweka sahihi kwa ajili ya mwingine

Sehemu hii inawagusa hasa wachungaji, mashemasi na viongozi wa vikundi, kwa sababu ndio wanaoombwa kwanza. Tangu Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za OHADA, na juu ya udhamini sheria hizo ziko wazi. Mdhamini anahesabiwa kuwa anabeba deni pamoja na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa maneno mepesi, wanaweza kukudai wewe.

Lakini sheria hizo zinakulinda pia. Udhamini lazima uandikwe, na mdhamini mwenyewe aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachobeba, kwa tarakimu na kwa maneno. Vikitofautiana, maneno ndiyo yanayoshinda. Asiyejua kuandika anapaswa kuwa na mashahidi wawili wanaothibitisha kwamba ni yeye, na kwamba ameelezwa maana na matokeo ya anachofanya. Tena, mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anapaswa kumjulisha mdhamini. Kama uliweka sahihi katika karatasi yenye nafasi tupu, ao hukuelezwa kitu, nenda ukaulize leo jina lako limeandikwa kwa kiasi gani. Unaweza kumwomba mwanasheria ao ofisi ya msaada wa sheria akusomee.

Kitabu cha Mithali kinamwonya zaidi ya mara moja anayejifunga kwa deni la mwingine. Hakimkatazi mtu kusaidia. Kinamwambia ahesabu kabla. Mchungaji anaweza kutoa barua inayosema, "Namjua mama huyu, ni mshirika wetu kwa miaka kumi." Huo ni ushuhuda. Kuandika, "Nitalipa kama hatalipa," ni deni. Barua hizo mbili zisichanganywe.

Kutunza jina zuri

Jina zuri halijengwi kwa mkopo mkubwa. Linajengwa kwa mikopo midogo iliyolipwa siku yake. Anza na kiasi ambacho unaweza kulipa hata katika mwezi mbaya, kisha upande pole pole.

Kabla ya kutia sahihi, uliza riba inahesabiwa namna gani. Tuseme unakopa dola 300 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa kila mwezi juu ya dola 300 zote, utalipa dola 9 mara sita, yaani dola 54. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki, na unapunguza dola 50 kila mwezi, jumla ya riba ni dola 31 na senti 50. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni zaidi ya dola 22, na kwa mama anayeuza mboga hizo ni siku nyingi za kazi. Basi usiulize tu "asilimia ngapi". Uliza, "Kwa jumla nitarudisha kiasi gani?" na jibu liandikwe.

Kopa katika feza unayoipata. Anayeuza kwa franka na kudaiwa kwa dola anabeba deni mbili, la mkopo na la kubadilisha feza. Usilipe mkopo kwa mkopo mwingine. Usikope kwa jina lako kwa ajili ya mtu aliyekataliwa, maana faili haitamjua yeye, itakujua wewe. Na kabla ya kuweka akiba popote, uliza kama taasisi hiyo ina kibali cha Banki Kuu. Goma imekwisha kuona vyama vya akiba vikianguka na wanachama wakibaki na vitabu mikononi.

Mwisho, ukimaliza kulipa, usirudi nyumbani bila karatasi inayosema deni limekwisha. Omba pia dhamana yako irudishwe, hasa kama ni hati ya kiwanja.

Kwa walio na watoto nje ya mji

Familia nyingi za Majengo zina mtoto Nairobi, Kampala ao Amerika, na huko mambo haya yanaenda mbali zaidi. Kenya ina ofisi za taarifa za mikopo zinazopokea habari kutoka kwa wakopeshaji, na mteja ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Mikopo midogo ya simu iliwaharibia watu wengi majina, kiasi kwamba mwaka 2020 Banki Kuu ya Kenya ilikataza kupeleka huko majina ya wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000. Mwishoni mwa 2022 ikaanzisha mpango wa kusamehe angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokwama, ili wakopaji wapatao milioni 4 warekebishe majina yao. Deni dogo la simu si mchezo.

Amerika ziko ofisi tatu kubwa: Equifax, Experian na TransUnion. Kila mtu anaweza kusoma ripoti zake bila malipo, hata kila juma, kupitia AnnualCreditReport.com. Wakimbizi wengi waliopelekwa huko walisafiri kwa mkopo wa tiketi usio na riba, uliotolewa na shirika la IOM. Wengi wanaudharau kwa sababu hauna riba, lakini kwa aliyefika juzi huo ndio mkopo wake wa kwanza. Akiulipa vizuri, anaanza kujulikana. Akiuacha, jina lake linaharibika kabla hajapanga hata nyumba. Mzazi, mkumbushe mtoto wako.

Kanisa lifanye nini?

Tunakumbuka mjane wa siku za Elisha, ambaye mdai alikuja kuchukua wanawe wawili. Nabii hakumkaripia. Alimwuliza ana nini nyumbani, na vyombo vilipojaa mafuta, alimwambia ayauze na alipe deni. Huruma na kulipa vilienda pamoja.

Hivyo tunaomba makanisa yetu yasitaje majina ya wenye madeni mbele ya watu. Aibu humfanya mtu ajifiche, na anayejificha halipi wala haulizi. Badala yake, kila parokia ichague watu wawili ao watatu wanaojua kusoma mikataba ya Kifaransa, wakae saa moja baada ya ibada, wawasaidie washirika kusoma karatasi zao na kuandika barua. Vikundi vya akina mama vitenge mkutano mmoja kwa ajili ya kuangalia bordero. Na kila mmoja, kabla ya Jumapili ijayo, atafute mkataba wake, ahesabu alicholipa na aandike kilichobaki. Banki zitakapofungua, awe wa kwanza kuingia akiwa na hesabu yake mkononi, bila kungoja kuambiwa na karani.